Kisu Nisichokiona

Cheti cha halali kilikuwa cha kuku. Mimi nilikuwa nimenunua kondoo, mtandaoni.

Niligundua usiku, boksi limeshafunguliwa na nusu ya nyama nimeshaipanga kwenye friza. Nilirudi kwenye ukurasa wa duka kutafuta namba ya kuwaambia kwamba pakiti moja imepasuka, nikajikuta naikodolea macho ile picha ya cheti ambayo siku naagiza niliiona tu kwamba ipo, nikaridhika. Safari hii niliikuza. Herufi zilikuwa zimefifia kama kopi iliyotolewa kopi, ila zilisomeka: jina la machinjio, ambalo silo jina la duka, aina ya bidhaa, kuku, na tarehe ya mwisho, iliyopita miezi saba nyuma.

Asubuhi nikapiga simu. Aliyepokea alikuwa mpole kweli, salamu ndefu, dua mbili tatu. Nikamuuliza kondoo wao anachinjwa wapi. "Ndugu yangu, sisi ni Waislamu wenzako, una wasiwasi gani?" Nikamwambia sina wasiwasi, nina swali. Akasema nyama yao yote ni halali, asilimia mia moja. Nikarudia swali, naye akarudia asilimia. Nilipokata simu sikuwa nimepata jipya lolote, isipokuwa kwamba naruhusiwa kurudisha mzigo kwa gharama zangu.

Sikuila ile nyama. Sisemi ilikuwa haramu. Kumsingizia mtu haramu bila ushahidi ni dhambi inayojitosheleza. Ilikaa nyuma ya friza wiki tatu, kila nikifungua mlango inanitazama, mpaka nikampa jirani mwenye mbwa, nikamweleza wazi kwa nini. Tangu siku ile nimeagiza nyama mtandaoni mara nyingi na nitaendelea kuagiza. Ila naagiza kwa namna nyingine.

Nimelelewa na mchinjaji. Marehemu baba hakuwa na cheti cha mtu yeyote. Alikuwa na kisu kimoja cha bapa refu, alichokijaribu kwenye ukucha wa dole gumba. Akikivuta kikapita laini mwanzo hadi mwisho, kimekubali. Kikikwama mahali, hata kidogo tu, anarudi kwenye jiwe. Jiwe lenyewe lilikaa nyuma ya ukuta, upande ambao mnyama haoni. Akimwendea mnyama, kisu alikificha nyuma ya paja. Utotoni nilidhani anakificha ili mnyama asikimbie. Baadaye ndipo nilipofundishwa hadithi ya Mtume aliyoisimulia sahaba wake Shaddad bin Aws, iliyomo katika mkusanyo wa Sahihi Muslim, kwamba Mungu amefaradhisha wema katika kila jambo, basi mkichinja chinjeni vizuri, na mtu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Watu walinunua kwa baba kwa kuwa walimjua. Cheti chake kilikuwa uso wake.

Kwenye simu hakuna uso. Na ugumu wa nyama ni kwamba uhalali wake hauonekani kwenye nyama. Ubichi unaonekana, mafuta yanaonekana, uzee wa mnyama mwenye jicho anautambua kwenye mfupa. Jina la Mungu lililotajwa au lisilotajwa halina rangi. Januari 2013 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ireland ilitangaza matokeo ya kupima baga za ng'ombe zilizokuwa zikiuzwa madukani: kati ya aina 27, 10 zilikutwa na vinasaba vya farasi na 23 vya nguruwe, na kashfa ile ikaenea nchi moja baada ya nyingine Ulaya. Nilipoisoma habari hiyo nilistaajabu jinsi maabara inavyoweza kumtaja mnyama ambaye hakuna mlaji aliyemhisi ulimini. Lakini maabara hiyohiyo haiwezi kuniambia aliyeshika kisu alitamka nini, wala kama mnyama alikuwa hai kisu kilipomfikia. Hayo anaweza kuniambia mtu tu. Kwa hiyo ninapoagiza, kwanza ninanunua ushahidi wa mtu. Nyama inafuata nyuma yake.

Mama hakubaliani nami, na ana hoja nzito. Anayo hadithi ya Bibi Aisha, mke wa Mtume, katika mkusanyo wa Bukhari: watu walimwendea Mtume wakamwambia kuna wanaotuletea nyama, wala hatujui kama wameitajia jina la Mungu. Akawaambia tajeni nyinyi jina la Mungu, mle. Na walioleta ile nyama walikuwa wageni katika Uislamu, waliotoka ukafirini juzijuzi. "Mwanangu," huniambia, "wewe unataka kumpita Mtume kwa ucha Mungu?" Swali hilo silijibu kwa haraka. Ninachukia kama yeye ile tabia ya mtu kualikwa chakula akaanza kumhoji mwenye nyumba nyama imetoka wapi, kana kwamba yeye peke yake ndiye ana Mungu. Dhana njema kwa Mwislamu ndiyo asili, na ulamaa wameijenga juu ya hadithi hiyohiyo.

Lakini tovuti haina dini. Wale walioleta nyama walikuwa watu, wana majina na kabila, wanajulikana wamesilimu lini. Dhana njema ilikuwa na mtu wa kumwangukia. Ukurasa wenye picha ya mwezi na nyota, kijani kibichi na neno "halali" mara kumi na moja unaweza kutengenezwa alasiri moja na mtu yeyote, popote alipo. Sikatai kumdhania mtu mema. Nionyeshwe kwanza huyo mtu. Nikishaambiwa mchinjaji ni fulani, anachinja mahali fulani, mimi na mama tunakuwa kitu kimoja: nataja jina la Mungu, nakula, na sichimbi zaidi.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni vyote viwili vinajitembeza, tena kwa matangazo ya kulipia, kwa hiyo methali hiyo haisaidii sana hapo.

Na hata neno "halali" lenyewe, bila uongo wowote, halina maana moja. Hili lilinichukua muda kulielewa. Katika Koran, sura ya Al-Maida aya ya 3, wamehesabiwa wanyama wasioliwa: mzoga, aliyenyongwa, aliyepigwa, aliyeanguka, aliyepigwa pembe, aliyeliwa na mnyama mkali, isipokuwa mliyemwahi mkamchinja. Kumuwahi huko ndiko kwenye ubishi wa leo. Machinjio mengi makubwa humpiga mnyama shoti kichwani kabla ya kisu ili apoteze fahamu. Kuku huning'inizwa miguu juu kwenye mnyororo unaotembea, vichwa vikapitishwa kwenye beseni la maji yenye umeme, kisha shingo zikakutana na kisu, pengine cha mkono, pengine cha mashine inayozunguka. Umeme ukiwa mdogo, kuku anazimia tu, na kama asingechinjwa angeamka. Ukizidi, moyo unasimama, na kilichofika kwenye kisu ni kibudu chenye joto. Mwenye kutazama mnyororo ule hawezi kumtofautisha huyu na yule kwa mwendo unaokwenda.

Wanaotoa vyeti vya halali wamegawanyika hapo, kila mmoja na wanazuoni wake. Uingereza, Halal Food Authority iliyoanzishwa 1994 imekuwa ikiikubali shoti isiyoua, ilhali Halal Monitoring Committee, ya 2003, haitaki shoti wala mashine, inataka mkono. Malaysia, kupitia JAKIM, idara yake ya serikali ya mambo ya Kiislamu, inaruhusu shoti kwa masharti. New Zealand, inayouza kondoo wengi wa halali ng'ambo, sheria yake kwa kawaida inataka mnyama wa biashara apoteze fahamu kwanza, kwa hiyo kwa halali hutumika shoti ya kichwani ambayo mnyama anaweza kuamka nayo. Denmark nayo tangu 2014 hairuhusu kuchinja bila kumzimisha mnyama kwanza. Maana yake, ukijua nchi ya machinjio, wakati mwingine umeshajibiwa nusu ya swali kabla hujamuuliza muuzaji.

Mimi napendelea mkono bila shoti, na kwa kuku ndipo ninaposhika zaidi, kwa sababu ya beseni lile. Sikulazimishi. Mwenzako akila wa shoti isiyoua kwa fatwa anayoiamini, hajala haramu kwa sababu wewe umechagua tofauti. Na hata kuhusu Bismillahi yenyewe, Imam Shafi ameihesabu sunna na wengine wakaihesabu wajibu. Ninachokataa ni muuzaji kunichagulia kimyakimya. Aniambie, nichague mwenyewe.

Hapo ndipo ninapokumbuka hadithi nyingine, ya sokoni. Mtume alipita kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali, ni nini hiki? Akajibu, mvua imeinyeshea. Akamwambia: kwa nini hukuweka juu watu wakaiona? Anayedanganya si katika sisi. Tazama kosa la yule mtu lilikuwa nini. Mvua haikuwa kosa lake, na kuuza nafaka mbichi hakukukatazwa. Kosa lake ni kuweka kavu juu.

Basi nikitafuta duka siku hizi, natafuta aliyeweka mbichi juu. Nilimpata mmoja kwa namna ya ajabu. Nilimwandikia maswali yangu, akanijibu baada ya saa mbili hivi, bila dua wala asilimia: kondoo na mbuzi wanachinjwa kwa mkono bila shoti, machinjio ni haya, namba ya cheti ni hii na kinaisha mwezi fulani, ng'ombe wanatoka machinjio mengine, cheti chake hiki hapa, kuku wetu wanapitishwa kwenye maji ya umeme, kama hilo hulitaki usinunue kuku kwetu. Nilisoma sentensi ile ya mwisho mara mbili. Alikuwa amenipa sababu ya kutonunua. Nikaagiza kondoo palepale.

Namba ile sikuibofya kutoka kwenye barua yake. Niliingia mwenyewe kwenye tovuti ya chombo kilichotoa cheti, kwa kuandika anwani kwa mkono, nikaitafuta. Nembo iliyobandikwa dukani inaweza kukupeleka kwenye ukurasa wowote anaotaka mwenye duka, hata wa kughushi. Nikalinganisha jina la machinjio, aina ya mnyama, tarehe. Dakika tano. Laiti ningezitumia dakika hizo kwa ile nyama niliyompa jirani.

Jambo moja nililolikosa zamani ni kwamba cheti cha machinjio kinaishia mlangoni mwa machinjio. Mnyama akishatoka hapo anakwenda kukatwa vipande, pengine jengo jingine, kwenye meza na misumeno ambayo inaweza kuwa asubuhi ilikata nguruwe. Halafu ghala, halafu anayepakia maboksi. Kwa hiyo ninauliza pia nyama inakatwa wapi na nani mwingine anakatiwa hapo. Maduka mazuri hulijibu hili upesi, kwani wameshaulizwa. Nyama ya kusaga naiogopa kuliko nyingine, maana katika pakiti moja wanaweza kuwamo wanyama wengi, na hata wa machinjio mawili. Bora ninunue bega zima nisage mwenyewe. Soseji ni habari nyingine kabisa, kuna utumbo wa kufungia, kuna viungo vya kiwandani, na siku hizi nimezikata tu, si kwa fatwa bali kwa uvivu wa kusoma maandishi madogo.

Kuna pia lile suala la kununua usichokiona. Mafaqihi, wanasheria wa Kiislamu, walilijadili karne nyingi kabla ya intaneti: wa madhehebu ya Hanafi wakampa mnunuzi hiari ya kurudisha akishakiona kitu, wengine wakawa wakali zaidi, wakataka sifa zielezwe barabara. Wote walikuwa wanakimbia kitu kimoja ambacho Kiswahili kinakiita kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na hapa, kwa mara moja, mbuzi ni mbuzi kweli. Nasoma sifa: kipande gani, chenye mfupa au kisicho na mfupa, uzito kabla ya barafu au pamoja nayo. Niliwahi kuletewa kuku wa kugandishwa ambao baada ya kuyeyuka waliacha beseni la maji chini na kuku wadogo juu. Na malipo nafanya kwa njia ambayo naweza kudai kurudishiwa. Anayetaka pesa zitumwe zote mapema kwenye akaunti binafsi ya mtu, namuaga kwa heshima.

Tayari nimeandika mengi na nyama bado haijafika mlangoni. Koran inapowaambia watu wale vya ardhini, katika Al-Baqara aya ya 168, inasema halali na vizuri, mawili pamoja. Nimeona watu wakipigania la kwanza na kuliacha la pili liharibikie kwenye boksi. Kondoo aliyechinjwa na walii, akikaa siku nzima kwenye gari la moto, ni sumu.

Boksi langu likifika nalifungua mbele ya aliyelileta kama ana subira, na mara nyingi hana. Nachoma kipimajoto katikati ya pakiti mbili. Nyama mbichi nataka nyuzi 4 au chini. Ya kugandishwa iwe ngumu kama jiwe, maana friza yenyewe inatakiwa kuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Iliyokuwa imeganda ikayeyuka ikaganda tena inajifichua kwa maji mekundu yaliyoganda chini ya pakiti, na fuwele za barafu upande mmoja. Kama kuna barafu kavu, ile inayofuka moshi, usiishike kwa mkono mtupu. Ina nyuzi 78 chini ya sifuri, inaunguza kama kaa la moto. Iache iishe yenyewe dirisha likiwa wazi. Na usiagize mwisho wa wiki. Mzigo unaolala ghalani kwa sababu msafirishaji kapumzika hauna mtetezi.

Siku lilipofika boksi la yule muuzaji wa kondoo, mama alikuwa kwangu. Alichukua pakiti iliyonyonywa hewa, akaigeuza, akanirudishia kwa ncha za vidole. "Hii imekufa zamani. Tazama, zambarau." Nikamwambia tusubiri. Nikaikata, nikaiweka kwenye sahani, tukanywa chai. Harufu nzito kidogo iliyotoka ilipofunguliwa ikaondoka. Baada ya kama dakika ishirini nyama ilikuwa nyekundu kama iliyokatwa sasa hivi. Ilikosa hewa tu. Nyama iliyooza hairudi rangi, na harufu yake haiondoki.

Akaona kimiminika chekundu kwenye sahani. "Na hii damu? Damu si haramu?" Hapo nilifurahi, maana nilikuwa nimelisoma. Damu iliyoharamishwa katika Al-An'am aya ya 145 ni ile inayochuruzika, na hiyo ilibaki machinjioni. Hiki ni maji ya nyama yaliyotiwa rangi na mioglobini, kitu kinachotunza oksijeni ndani ya msuli. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia hata baba alikuwa akisema hivyo, bila hilo jina refu.

Bado hakuridhika. Alitaka simu. Nikampigia yule muuzaji, nikaweka sauti ya nje, nikasema mama yangu ana swali. Kijana akaamkia, mama akaitikia. Nilitarajia amuulize habari za cheti.

"Baba," mama akasema, "huyo anayewachinjia, kisu anakinolea wapi?"

Upande wa pili kulikuwa kimya, nikaogopa nitasikia asilimia.

"Chumba cha pili, mama. Wanyama hawakioni. Na hachinji mmoja mbele ya mwenzake, ana pazia lake."

Mama akanirudishia simu na kuivuta sahani karibu yake. "Mwambie mara nyingine aweke na kidari," akasema, akaanza kukata.